Klori Iliyokufa

Jumatatu, 3 Machi
Nimeosha elektrodi, kile kijiti cha mashini kinachoingia majini na kusoma nguvu ya klori kwa umeme. Nimeilinganisha na dawa ninayoijua nguvu yake. Iko sawa. Kisha nimepima mapipa ya klori ya depo. Klori imekufa, nguvu imeisha karibu yote. Joto la mabati ya paa limeiua. Hata tukiongeza dozi mara mbili, haitoshi kwa maji ya mji.

Shefu Wilondja, mkubwa wa kituo chetu cha maji, hakuangalia hata. "Mashini yako imezeeka."

Jumanne, 4 Machi
Nimebadilisha ngozi nyembamba inayofunika elektrodi, nimepima upya mbele yake. Safari hii ameamini. Ndiyo mbaya zaidi. Amekaa, akashika kichwa.

"Usiseme kwa batu. Batakimbilia ziwa, na kipindupindu iko kule. Klori ingine iko njiani, inatoka Uvira."

Njiani wapi? Mvua imebeba daraja. Namchukia kwa sababu hata mimi sioni njia ingine.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeshindwa kunyamaza. Nimesimama kwenye bomba, nimewaambia wamama wachemshe maji. Mmoja ameniuliza makala, mkaa wa kuchemshia, nitawapa mimi? Wamejaza maji bidoni zao, wakaenda.

Jioni nimepita kwa mama mudogo Andjelani, mdogo wa mama yangu, aliyenilea. Nimemwambia pia. Amekubali kuchemsha.

Shefu amesikia, ameninyang'anya ufunguo wa labo, chumba changu cha kupimia.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mudogo yuko kwenye hema za kipindupindu. Macho yameingia ndani. Mikono baridi.

"Mama, haukuchemsha?"

"Nilichemsha ya batoto tu. Makala haikutosha."

Wajukuu wake wawili anaoishi nao ni wazima. Sijui nilie au nishukuru.

Jumapili, 9 Machi
Amekufa. Hawakuturuhusu kumwosha. Watu wa afya wenye mabuti wamemfunga katika plastiki, wakamnyunyizia dawa. Nimesimama mbali kama mgeni. Nilijua kila kitu, na kujua hakukumsaidia.

Ijumaa, 14 Machi
Daraja limetengenezwa, lori la klori limefika. Shefu amekuja mwenyewe nyumbani na ufunguo. Ameuweka mkononi mwangu, akaondoka. Nimeenda. Nimepima. Klori ni kali, nzuri. Nimeandika "nzuri" na kalamu imetoboa karatasi.

Jumapili, 16 Machi
Sikuenda kanisani. Wajukuu wa mama mudogo wanalala kwangu sasa. Mdogo ameuliza bibi atarudi lini, mkubwa akamwambia anyamaze. Nimewapikia bugali na dagaa. Wamekula. Nimewaogesha kwa mikono yangu nyuma ya nyumba, mmoja mmoja. Jua lilikuwa kali, wakakauka haraka.