Kistari Baada ya 1951

Gesima,
12 Februari 2023

Kwako mama Nyakerario,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Nakuita mama kama kawaida, maana jina la mama yangu ndilo ulilobeba, na sitaacha hata ukizeekea huko Doha. Sisi hatujambo. Ng'ombe amezaa ndama dume, chai inachumwa, na koo langu linakwaruza kidogo ila tangawizi ipo. Wewe je? Bado mnafua mashuka ya hospitali usiku na mchana? Unakula?

Ndugu yako Duke atazipiga picha kurasa hizi akutumie kwa simu. Mimi siandiki ujumbe kwa kidole gumba, nilikuwa mwalimu wa Kiswahili miaka thelathini na mbili.

Nimemaliza kitabu. Madaftari manne, hati yangu mwenyewe. Ni habari za wanafunzi wangu kumi na mmoja walioacha shule mimi nikiangalia, kila mmoja na sura yake. Nilikipeleka kwa wachapishaji wa Nairobi. Wakakaa nacho mwaka mzima, kisha wakanijibu kwa mistari miwili kwamba wanachukua vitabu vya kutumika shuleni tu. Ati vitabu vya shuleni! Na hiki kinahusu nini kama si shule?

Wewe uko kwenye ulimwengu. Niulizie mtu anajichapishia kitabu vipi siku hizi.

Usifikiri natafuta sifa. Sura ya saba ni ya Nyanchoka, darasa la tano, mwaka 1994. Alikuwa anachelewa kila siku. Nikamwambia arudi nyumbani, asikanyage darasani bila mzazi. Mzazi mwenyewe alikuwa mmoja, yuko kitandani hajiwezi, na mtoto alikuwa anachelewa kwa kumwosha. Sikuuliza. Hakurudi tena. Siku hizi anauza ndizi soko la Daraja Mbili. Nimenunua ndizi kwake labda mara arobaini. Nachagua, nalipa, ananiita mwalimu, naondoka. Mdomo haufunguki. Lakini kuandika naweza, na nimemwandikia. Nataka asome, na anijibu chochote, hata akinitukana.

Ni mimi babako,
Mwl. Onyiego


Doha,
5 Machi 2023

Kwako Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na ninakula. Joto bado halijaanza. Mnisalimie huyo ndama. Na hilo koo, Baba, tangawizi siyo daktari.

Nimeuliza kama ulivyonituma. Kuna Asli hapa, tunakunja mashuka pamoja, kwao ni mjini Kisii, na binamu yake amejichapishia kitabu. Njia ni nyingi kuliko nilivyodhani. Kuna kampuni zinazokusifu sana, kitabu chako ni dhahabu, kumbe unalipa kila kitu wewe, halafu unaachiwa maboksi sebuleni. Hao tuwakimbie. Kuna kukiweka kwenye mtandao, mtu akanunua na kusoma kwenye simu, hiyo tunaweza wenyewe bila kumpigia mtu magoti. Kuna pia mitambo ya ng'ambo inayochapa nakala moja moja kila mtu anapoagiza, lakini usafiri wake kufika Gesima ni balaa. Na kuna kwenda kwa mtu wa kuchapa hapo Kisii na kumwambia nataka nakala mia mbili.

Binamu yake Asli anasema mambo matatu: mtu mwingine asahihishe, kitabu kiombewe namba yake ya utambulisho, na jalada litengenezwe na anayejua majalada ya vitabu. Anasema mtu husoma jalada kwanza, ndipo aamue kama atafungua. Nitumie madaftari, nitaandika kwenye simu mwenyewe, kidogo kidogo.

Bintiyo,
Nyakerario


Gesima,
20 Aprili 2023

Mama yangu,

Nimefurahi hadi nikaimba, nikakohoa. Huku hatujambo sana. Ardhi imeshiba mvua. Koo bado lina ukaidi, ugali unapita ukisukumwa na maji, lakini mzee ni mzee.

Weka kwenye mtandao, sikatai. Lakini Nyanchoka hawezi kukaa katikati ya ndizi akinunua kitabu kwa simu. Yeye anataka karatasi. Duke atakipeleka kwa Alfayo, yule mwenye duka la kuchapa mjini. Duke anamwamini, anasema watu hawatoki dukani kwake, hasa kuanzia Jumatano.

Sasa nina jambo la kungojea, na ni raha.

Babako


Doha,
2 Juni 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua itakukuta na nguvu. Mimi miguu imevimba kwa kusimama, lakini nitapona.

Nimemaliza! Nimeandika nikiwa nimelala kitandani, kitanda cha Asli kiko juu ya changu, vidole vimekufa ganzi. Nilipofika sura ya saba nilishindwa kuendelea siku mbili. Baba, hujawahi kutuambia. Ulikuwa unarudi nyumbani, unakunja suruali, unaingia kwenye shamba la chai, kumbe una hayo moyoni.

Kitabu kiko kwenye mtandao tangu wiki jana. Wasomaji ni watatu: mimi, Asli, na mtu mmoja ambaye hatumjui. Tunamwombea huyo mtu asichoke njiani.

Nakala ya kuchapa nimemtumia Duke, na pesa pia. Namsihi, na wewe msihi: aombe kuona kitabu kimoja kwanza kabla hazijachapwa zote. Kimoja tu. Mkishike, mkifungue, mkiangalie mbele na nyuma.

Na koo? Mbona Duke nikimuuliza anabadilisha mazungumzo?

Bintiyo,
Nyakerario


Gesima,
9 Agosti 2023

Kwako mama,

Salamu. Sisi tupo. Keti kabla hujaendelea kusoma.

Vitabu vimekuja, mia mbili. Duke hakuomba kuona kimoja. Alimpa Alfayo ile nakala na picha yangu, ile ya kustaafu yenye tai, akamwambia, "Huyu ni mzee wetu, mfanyie kitu kizuri, fanya kama unavyofanya siku zote." Sasa, mama, Alfayo siku zote hufanya nini? Anachapa programu za mazishi! Jumatano anachapa, Alhamisi na Ijumaa watu wanazikwa. Akafanya kama siku zote.

Niko mbele kwenye duara, nimezungukwa na maua meupe. Mshumaa mmoja kushoto, mmoja kulia. Juu imeandikwa "Tunasherehekea Maisha ya Mwalimu Onyiego." Chini imeandikwa 1951, kisha kistari, kisha nafasi wazi. Anasema alimpigia Duke simu amuulize tarehe, simu haikupatikana, akaona familia watajijazia. Nyuma kabisa familia inawashukuru wote waliofika. Ndani hakukosea hata nukta. Sura zote kumi na moja ziko sawasawa.

Nilicheka, kweli nilicheka. Duke alilia. Mchungaji nilimpa kimoja, akakishika kwa vidole viwili na kuniuliza kama nimekosana na Mungu. Jirani yetu Mose alikataa kabisa kukiingiza nyumbani kwake.

Nikasema potelea mbali, Nyanchoka ndiye ninayemtaka. Nikaenda Daraja Mbili Jumatatu. Nikasimama mbele ya ndizi zake, nikamnyooshea kitabu kwa mikono miwili, sauti ikagoma, unajua siku hizi inatoka kama ya jogoo mgonjwa. Akatazama jalada. Akanitazama. Nimekonda, mama, na ile picha ni ya zamani. Akasema, "Wooi, pole sana mwalimu! Kumbe mlikuwa pacha?" Kabla sijameza mate akaingiza mkono kwenye leso, akatoa noti, akaiweka juu ya kitabu. Akaita wenzake. "Mwalimu wangu amefiwa, tumchangie!" Wakaja wa nyanya, wa mboga, wa mitumba. Kila mmoja na noti yake, kila mmoja na pole yake. Kitabu akanirudishia, ati nitakihitaji kwa wengine.

Nikazipokea noti kwa mikono ile ile miwili. Nimerudi Gesima na mchango wa matanga yangu mwenyewe.

Babako


Doha,
11 Agosti 2023

Baba,

Shikamoo. Nimesoma nikiwa kazini, nimejifungia chooni. Nimecheka, halafu nikasikia vibaya kwa kucheka.

Nimempigia Alfayo. Anasema pole, lakini karatasi imeshatumika. Nimempigia Duke nikamtukana, halafu yeye ndiye akaniambia kwamba tangu Julai unakunywa uji tu. Na kwamba mlienda hospitali na mkaambiwa ni uvimbe kwenye njia ya chakula. Baba! Unaniandikia habari za ndama!

Nimeomba likizo. Wamesema mkataba ni hadi mwisho wa Januari, paspoti iko ofisini, hakuna namna. Nikaomba tena, nikaambiwa nisirudie. Nitafanya nini? Hapa nakunja mashuka ya baba za watu.

Nitachapa jalada jingine, nipe miezi miwili. Tutambandulia Alfayo maua yake yote. Na mwambie Duke aende sokoni amweleze yule mama. Au nimpigie mimi, nitafutie namba yake. Tafadhali, Baba, nipe kitu cha kufanya.

Bintiyo,
Nyakerario


Doha,
30 Septemba 2023

Baba,

Shikamoo. Hujajibu. Duke anasema umelala, kila nikipiga umelala. Kule kwenye mtandao wasomaji bado ni watatu. Niandikie hata mstari mmoja.

Bintiyo


Gesima,
3 Novemba 2023

Mama,

Hujambo? Mimi hivyo hivyo. Usiidharau hati hii, naandika nikiwa nimelala.

Usichape jalada jingine. Duke nimemkataza kwenda sokoni, na wewe usipige simu. Neno hilo ni langu na Nyanchoka, siyo la kumtuma mtu. Nilijaribu kwenda tena mwezi wa tisa, nikaishia njiani, Keumbu, nikashushwa nikae kando, nikarudishwa.

Sasa sikiliza, na usilie, kwa sababu nimelifikiria vizuri. Nakala mia moja tisini na moja ziko stoo, juu ya magunia. Siku ikifika, msihangaike na programu. Ziko tayari. Picha iko, maua yapo, shukrani za familia ziko. Kilichobaki ni tarehe tu. Jaza wewe, usimwachie Duke. Hati yako ni nzuri, niliifundisha mwenyewe.

Watu husema hawana muda wa kusoma. Kwenye mazishi wanakaa saa sita nzima na karatasi mkononi, hawana pa kwenda. Watafungua watafute namba ya wimbo, wamkute mtoto niliyemfukuza.

Daftari la insha la Nyanchoka, alilolisahau kwenye dawati ile siku, liko chini ya godoro langu. Zile noti za mchango nimeziweka ndani yake. Mrudishie vyote. Akija.

Kula, mama.

Babako


Gesima,
4 Februari 2024

Baba,

Mwanzo wa barua ni kukujulia hali. Nimeandika hivyo mara tatu nikafuta.

Nimefika Jumanne, wewe uliondoka Jumatatu ya wiki iliyotangulia. Siku nane, Baba. Mkataba ulikuwa umebakiza siku nane.

Nilijaza. Nilikaa mezani pako na kalamu ya bluu, nikaandika 22 Januari 2024 mara mia moja tisini na moja. Duke alinisaidia kuzipanga. Tulikuzika Alhamisi, karibu na mama aliyenizaa, chini ya shamba la chai.

Ilikuwa kama ulivyosema. Watu walifungua kutafuta ratiba, wakaikosa, wakaanza kusoma. Mchungaji akiwa bado anahubiri nikasikia mtu anacheka nyuma, kisha mwingine anapenga kamasi. Mose alikuja na miwani. Wengine waliokuwepo wamo humo, wale wa sura ya pili na ya tisa, walikaa wakionyeshana kurasa. Nakala hazikutosha.

Nyanchoka alikuja na akina mama wa Daraja Mbili, wamebeba ndizi. Duke alinionyesha. Hakuja kutupa udongo. Alikuwa amesimama nyuma ya migomba, amekunja kitabu katikati, anasoma kwa kidole, polepole, midomo ikitembea. Watu walikula, wakaanza kutawanyika, na yeye bado.

Halafu akanifuata jikoni. Akasema, "Huyu ndiye aliyekuja sokoni kwangu? Yeye mwenyewe?" Nikasema ndiye. "Mbona hakusema?" Nikamwambia ulishindwa. Nikampa daftari. Noti alizisukuma zikarudi kwangu, akasema hizo walitoa kwa msiba na msiba ni huu. Daftari alilichukua. Alilifungua akaangalia hati yake ya darasa la tano, na alama zako nyekundu, kumi na nane kwa ishirini. Alilia bila sauti, mimi nimesimama na sufuria mkononi sijui niiweke wapi.

Akaniambia, "Ameandika hapa anaomba nimjibu. Sasa mimi nitamjibu nani?"

Nikasema, "Niambie mimi, mama. Mimi ni binti yake."

Aliniangalia usoni. Hakuwa na hasira. Akasema, "Wewe hukunifukuza."

Akafunga daftari ndani ya leso pamoja na kitabu, akaaga watu wote mmoja mmoja, akapanda gari na wenzake. Kesho yake ilikuwa siku ya soko.

Sikuweza kumzuia, Baba. Nimeandika tu ujue kwamba amesoma mpaka mwisho, na kwamba jibu lako analo yeye.

Ni mimi mama yako,
Nyakerario