Msokoto wa Shaba

Bari, Italia, 2 Novemba 1998

Mdogo wangu Dinka,

Leo ni siku ya marehemu, na huu ni mwaka wa ishirini na saba tangu nivuke bahari hii na sanduku moja. Natumaini goti lako limepata nafuu na umeweza kupanda makaburini kumwashia mama mshumaa. Mimi sijambo, ila kifua, nacho nimeshakizoea. Ahsante kwa tini ulizonikaushia. Nilizila na divai iliyotiwa maji, jiko letu la kule nyumbani Split likanijia puani.

Umeniletea salamu za Lovre. Unasema amezeeka, anatembelea fimbo, na alilia mezani kwako akisema, "Dinka, mwambie kaka yako aje tuyazike haya kabla hatujazikwa sisi." Wewe ukamhurumia. Lakini kisa chenyewe unakijua nusu tu.

Unakumbuka wavuvi walivyonitania nilipokwenda gatini kuwaomba madume ya pweza na ngisi: "Daktari, kila siku kuchungulia siri za wanaume wa baharini! Mkeo anajua?" Nilikuwa natafuta jinsi mbegu zao za kiume zinavyokua. Ya ngisi kichwa chake hunyooka kama punje ya mchele. Ya yule pweza wetu mdogo anayenuka miski huanza duara. Kisha kiini hurefuka, hujisokota, hata kichwa kikawa kama kizibuo cha chupa. Msokoto ule, na upande unaopindia, niliuona mimi, baada ya miaka ya kuharibu macho.

Lovre, mwenzangu chuoni, ndiye aliyesimamia ndoa yangu, na kwetu msimamizi ni zaidi ya ndugu. Ndiye aliyepeleka polisi maneno niliyoyasema dhidi ya serikali karamuni kwake. Mimi nikakimbia; yeye akachukua mabamba yangu ya vioo ya kuchapia picha, na mwaka haukuisha kitabu chake kikatoka na msokoto wangu ndani.

Ila chumba cha giza, kile cha kusafishia picha, hakuwahi kukiingia. Alikuwa akisema, "Gizani wakae popo." Hakujua kwamba bamba lina upande wenye dawa, na ukilichapa kinyume picha hugeuka, kulia kukawa kushoto. Akalichapa kinyume. Tangu hapo msokoto katika kitabu chake unapindia upande usio wake. Nasikia mwanafunzi akiona tofauti huambiwa, "Kijana, umegeuza kioo. Tazama tena." Naye hutazama tena, akaandika alichoamriwa.

Sasa chuo kinamwadhimisha, na msokoto huo unatengenezwa kwa shaba, mrefu kuliko mtu, usimame mlangoni na jina lake chini. Ndani ya bahasha yako alinitilia mchoro wa fundi, na maneno haya: "Tonko, macho yako siku zote yalikuwa makali kuliko yangu. Utazame kabla shaba haijamiminwa."

Dinka, sasa nikuambie nililolifanya. Niliutazama. Kosa lilikuwa pale pale, wazi kama pua usoni. Siku ile ile nikamjibu: "Mchoro huu ni sawasawa na picha iliyo kitabuni mwako. Mwambie fundi amimine." Hakuna neno la uongo hapo. Wiki moja baada ya sherehe, jarida la huku litatoa makala yangu yenye kisa cha mabamba, na picha mpya za pweza wa soko la Bari, zimechapwa upande wake. Kila atakayepita mlango ule atajua picha ya kwanza iliibwa na mtu asiyejua kuishika.

Dume la ngisi huzifungasha mbegu zake katika mrija uliokunjwa kama kamani ya saa. Mrija hutulia, hutulia, hata uguswe mahali pake. Hapo hufyatuka, na haurudi tena ndani. Lovre ameugusa kwa mkono wake mwenyewe. Ukitaka kumwonya, mwonye. Barua hii ikikufikia, shaba itakuwa imeshapoa.

Nasikitika kwa jambo moja tu: sitaiona ikigeuka kijani kwa chumvi ya bahari yetu.

Wasalimie majirani waliobaki wa ngazi ya mtaa wetu, na mpelekee mama mshumaa wa pili kwa niaba yangu. Kitanda ulichonitandikia kitandue, shuka uzirudishe kabatini. Mimi sirudi.

Kaka yako,
Tonko