Bastola Zilizokwama na Mdogo Wetu Kavindu

Nyumba za Askari,
Machakos.
9 Novemba 2025

Mpendwa kaka Mutiso,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto wangu. Je, kile kikohozi kimekuacha? Mwaitu, mama yetu, aliniambia ulikuwa ukiongea naye kwenye simu huku unakohoa kama mzee wa kuvuta tumbaku, na tangu siku hiyo anakuombea kila asubuhi. Na wifi Mbithe je, amezoea kazi ya usiku? Huko Winnipeg baridi imeshaanza kuuma?

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua imenyesha vizuri nyumbani Kola. Mwaitu amepanda mahindi na mbaazi mpaka kwenye ule ukingo wa mto ambao baba alikuwa anasema hauwezi kulimwa. Magoti yanamsumbua bado, lakini ukimwambia aketi anakuuliza kama wewe ndiye utakayepalilia.

Usishangae kuona nimetumia karatasi. Wangechi, binti wa jirani yetu Gatimu, anakuja huko kusoma, na amekubali kukuletea barua hii mkononi. Kwenye simu siwezi kusema haya. Kikundi cha familia kinasomwa na Kavindu, na nikikupigia nikiwa kwa Mwaitu, Mwaitu mwenyewe anasimama karibu akijifanya anatafuta chumvi.

Ni juu ya huyo huyo Kavindu, kaka. Nina wivu naye. Nimeandika hilo neno ili nisizunguke.

Unajua kazi yangu ni ya ghala la silaha. Asubuhi nawapa askari bastola, jioni nazipokea, nazisafisha, na yenye kasoro naitengeneza. Miaka yote hii hakuna aliyelalamika. Lakini mwaka huu bastola zilianza kukwama. Askari yuko kwenye uwanja wa shabaha, anapiga risasi mbili vizuri, ya tatu inagoma. Ganda halitoki, au risasi mpya inaingia upande. Nikaongeza mafuta, nikapunguza mafuta. Nikabadilisha springi. Bastola inakaa vizuri wiki moja, halafu ile ile inakwama tena, na nyingine ambayo haijawahi kusumbua nayo inaanza. Vijana wakazibandika jina, wakaziita bastola za Mumbua. Nilicheka nao ili wasione kwamba imeniingia.

Halafu yakamkuta Muindi. Huyu ni konstebo wetu, kijana mpole anayeimba besi kwenye kwaya ya kanisa letu. Alikuwa ametumwa Kithimani, akaitwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa likiibiwa mchana. Akatoa bastola, akavuta sehemu ya juu ili risasi iingie, risasi ikakwama pale mlangoni pa mtutu, haiendi mbele wala nyuma. Mmoja wa wale wezi akamjeruhi vibaya mkono wa kulia kwa panga. Wenye maduka walipiga kelele wakaja na mawe, wezi wakatoroka, na ndiyo maana Muindi yuko hai.

Nilienda kumwona hospitalini na maziwa na ndizi. Yeye alinisalimia vizuri. Mkewe aligeuza uso dirishani mpaka nikaondoka.

Basi wakubwa wakasema watatuma mtaalamu kutoka Nairobi, inspekta aliyesomea silaha ng'ambo. Gari likaingia kituoni, mlango ukafunguliwa, na aliyeshuka ni Kavindu. Hakuwa ameniambia. Anasema naye alijua jana yake tu. Kaka, nilisimama wima nikampigia saluti mtoto niliyembeba mgongoni nikienda kuchota maji, mbele ya vijana wote, na yeye akaipokea vizuri kabisa kama mtu aliyezaliwa akipigiwa saluti. Buti zake zilikuwa zinang'aa. Hata vumbi la Machakos linamheshimu.

Jumapili hiyo Mwaitu alimchinjia kuku. Mimi ndiye ninayempeleka Mwaitu kliniki ya magoti, mimi ndiye ninayemnunulia dawa na kumfulia mablanketi, na nikifika huwa napewa muthokoi wa jana uliopashwa moto, mahindi yale yale ya kukoboa na maharagwe. Sisemi muthokoi ni mbaya. Nasema kuku nilimwona akipita mbele yangu kwenda upande wa Inspekta.

Nikurudishe kwenye kazi. Kavindu hakugusa mafuta wala springi. Alichukua rangi nyeupe na brashi ndogo, akaandika namba kwenye kila bastola, halafu akaandika namba kwenye kila magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Akaniuliza, "Dada, ukiosha magazini zote kwenye beseni moja, unajuaje ni ipi ya bastola gani?"

Nikamwambia, "Zinafanana zote. Za nini kuzitenganisha?"

"Kwa sababu mgonjwa anaweza kuwa magazini, si bastola. Na tukiwachanganya hatutamjua mgonjwa."

Alisema taratibu, bila kiburi, lakini makonstebo walikuwa wamesimama hapo. Masikio yangu yalipata moto.

Tukaenda uwanjani. Alibadilisha kitu kimoja kwa wakati, hakuwa na haraka. Bastola ikikwama, anatoa magazini yake anaitia kwenye bastola nyingine. Na kweli, kukwama kukawa kunahama na magazini. Bastola zenyewe zilikuwa nzima. Magazini zilizozeeka zilikuwa zimetanuka midomo pale juu, kidogo tu, na risasi ikawa inatoka vibaya. Mimi nilikuwa natibu bastola nzima na kuirudishia magazini mgonjwa, mwezi baada ya mwezi.

Hapo ndipo wivu ulipokomaa. Kama angekosea ningempenda zaidi, kaka. Nilikuwa nikilala nikimwona na ile brashi yake.

Siku ya kuonyesha matokeo, wakubwa wa kaunti walikuja. Magazini mbovu zilikuwa zimetengwa. Askari wakapiga shabaha kwa zamu, hakuna bastola iliyokwama, watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma, napiga makofi kwa vidole. Hapo nikakumbuka kitu. Magazini ya Muindi, ile ya Kithimani, ilipimwa ikaonekana nzima. Midomo yake haikutanuka. Basi ni nini kilichomkwamisha Muindi?

Nikawaza, nikaona jibu, na nikafurahi. Si furaha ya mtu aliyeokoa askari. Ilikuwa ni furaha ya kumwona Kavindu akijikwaa mbele ya wakubwa. Nikainua mkono.

"Afande," nikasema, "risasi mnazopiga leo mmezitoa wapi?"

"Kwenye sanduku jipya," Kavindu akajibu.

"Askari hawabebi hizo. Wanabeba zile zile tangu mwaka uanze, kwa sababu hawajawahi kuzipiga."

Mkuu mmoja akaniambia niende mbele. Nikamwomba Konstebo Wathome, aliyekuwa zamu siku hiyo, atoe risasi alizobeba. Nikazisimamisha mezani kwa mstari. Moja ilikuwa fupi kuliko zile nyingine, ncha imezama ndani ya ganda. Wathome mwenyewe akashangaa.

Nikawaeleza. Kila askari anapoingia mahali pa hatari, anavuta risasi ya juu iingie kwenye mtutu. Hatari ikipita anaitoa, anairudisha pale pale juu. Kesho ni hiyo hiyo, keshokutwa ni hiyo hiyo. Kila mara inagongwa kichwa, na mwishowe kichwa kinarudi ndani. Nikaitia ile fupi kwenye magazini nzima ya Kavindu, nikavuta. Ikakwama mlangoni. Haikuenda mbele wala nyuma.

Nikamwangalia Kavindu usoni, nikingoja.

Aliichukua ile risasi, akaigeuza, halafu macho yake yakawaka kama ya mtoto. "Dada!" akasema, akisahau kwamba kazini mimi ni koplo. "Hii ndiyo ya Muindi!" Akawageukia wakubwa, akawaambia ripoti yake ilikuwa na pengo na koplo amelijaza. Kabla sijapata nafasi hata ya kufurahi, akaanza kupanga dawa: risasi iliyoingia kwenye mtutu isirudishwe juu, itengwe ikapigwe mazoezini, na magazini zote zikaguliwe pamoja na risasi zake. Mimi nilikuwa nimewaza ugonjwa tu. Dawa sikuwa nimeiwaza.

Nilitaka akasirike, kaka. Angekasirika ningepumzika.

Tulipoenda Kola, alimsimulia Mwaitu yote, na sehemu yangu akaifanya kubwa kuliko ilivyokuwa. Mwaitu akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa furaha, akaniambia, "Umeona Inspekta wangu alivyo mnyenyekevu?" Nikatoka nje nikaenda kuangalia mbuzi.

Wiki iliyopita Muindi alirudi kazini. Vidole vyake bado havikunjiki vizuri, kwa hivyo anajifunza kulenga kwa mkono wa kushoto. Nilimpa bastola mwenyewe. Akaniuliza, "Itaitika?" Nikamwambia ajaribu. Akapiga moja, akangoja. Akapiga nyingine. Akaendelea mpaka magazini ikaisha, haikukwama hata mara moja. Akaiweka mezani, akainama, mabega yakaanza kutikisika. Hakuna aliyemcheka.

Alipoinuka alienda moja kwa moja kwa Kavindu, aliyekuwa amesimama pembeni, kumshukuru. Alinipita kama nguzo. Kavindu akamshika bega, akamgeuza, akamwelekeza kwangu. Muindi akarudi, akanipa ule mkono uliojeruhiwa. Nilisikia vidole vyake vikijaribu kunishika na kushindwa. Kwa muda huo, Mutiso, sikumkumbuka Kavindu hata kidogo. Sikukumbuka kuku wala cheo. Niliushika ule mkono kwa mikono yangu miwili.

Jioni wivu ulirudi. Nisikudanganye.

Sasa tumepewa kazi pamoja. Tutazunguka vituo vya kaunti, kuanzia Mitaboni mpaka Yatta, kufundisha askari habari ya magazini na risasi. Ni Kavindu aliyeomba twende wote. Yeye atazungumza, mimi nitaonyesha kwa mikono. Nimekubali, kwa sababu kuna akina Muindi wengi huko, na kwa sababu nikimwachia peke yake ataifanya vizuri na sitavumilia.

Nisalimie wifi Mbithe na uwabusu watoto. Mjomba Kitheka na shangazi Syokimau wanakusalimu sana. Shangazi anauliza picha ya nyumba yenu, si ya theluji, ameshaiona theluji. Mungu akufunike wewe na wote wa nyumba yako, akulinde barabarani na kazini, na siku moja akurudishe Kola ukiwa mzima.

Ukimpigia Kavindu, mpe hongera. Amefanya kazi kubwa na anastahili kila neno. Ila kaka, tafadhali, nipigie mimi kwanza.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda sana kutoka moyoni,
Mumbua