Kilo za Hanifa

Mwankoko, Singida
18 Juni 1994

Kwa dada Radhia,

Shikamoo dada. Habari za Tabora, shemeji hajambo? Yule mdogo ameshaota meno? Huku mama miguu inamsumbua, baba yuko sokoni na vitambaa vyake. Kusema wote wazima siwezi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Hanifa amelazwa hospitali ya misheni, wiki ya pili sasa. Najua utashtuka, maana juzijuzi nilikuandikia amefika kilo arobaini. Soma mpaka mwisho ndipo unilaani.

Unamjua mdogo wetu: anamaliza sahani mbili, anabaki mwembamba kama kijiti. Kikohozi mwaka mzima. Anaingia kumi na saba hajavunja ungo. Ukimbusu shavu, chumvi tupu, mpaka bibi akawa anamtania kwamba tulimwokota Ziwa Singidani. Basi pale bombani wakaanza kunong'ona eti ana ugonjwa wa siku hizi. Stumai, jirani kabisa, akamnyang'anya kikombe mbele za watu. Hanifa akarudi na ndoo tupu.

Dada, nilipandwa na mori! Nina kile kitabu cha lishe nilichopata kwenye mitumba, nikakisoma mara tatu. Choo chake kina mafuta, kinaelea, nikasema tayari, nimeshapata: mafuta ndiyo yanamharibu, na chumvi imemzidi. Nikamwambia mama asimtilie mafuta wala chumvi. Uji mtupu, mlenda wa maji. Mama akacheka, akaniita daktari. Lile jina lilinilevya.

Nesi alishamwambia mama, mtoto akishuka chini ya kilo thelathini na tatu aletwe siku hiyohiyo. Kwa hiyo kila Jumamosi nikawa nampima kwa Abdulrazaki, tajiri ninayemfanyia kazi ya kununua mazao, kwenye mzani wa alizeti. Mama anasimama pembeni, anapiga vigelegele.

Wiki iliyopita akaanguka jikoni. Daktari mgeni akampima jasho, akasema amezaliwa na ugonjwa huu, kaurithi kwa baba na mama, ingawa wao hawaumwi. Maji ya tumboni ya kusaga mafuta hayashuki, chakula kinapita bure. Mapafu nayo yanavyopigana na kikohozi yanachoma nguvu kuliko mtu anayelima. Homoni za usichana zinasubiri mwili upate akiba. Alitakiwa ale mafuta na chumvi kutuzidi sisi wote. Akauliza nani alimkataza. Mama akaniangalia, akajibu hatujui.

Sasa sikia lililobaki. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua mazao, mizani yetu ina skrubu: ukiikaza, gunia la mkulima linasoma pungufu. Abdulrazaki ndiye alinifundisha. Hanifa alipoanza kushuka, mimi nikaizungusha upande wa pili, asome zaidi. Kila Jumamosi kidogo. Sikutaka mama aache kuniita daktari.

Jana nilimwambia Hanifa, nikiwa nalia. Akasema aliniona tangu siku ya kwanza. Alinyamaza kwa sababu mama alikuwa na furaha. Halafu akaniomba chapati, ya mafuta mengi.

Mama hajui habari ya skrubu. Njoo, nataka nimwambie ukiwepo, peke yangu siwezi.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Hanifa anakuamkia. Ana kilo ishirini na saba, na hizi ni za mzani wa hospitali.

Ni mimi mdogo wako,
Luqmani