Gari Lenye Adabu

Baba Kezia,

Nimekwenda sokoni Kasulu. Maharage yapo jikoni, yapashe moto. Mama yako mpe uji.

Kuhusu hilo gari lako, stesheni wagoni la turbo, maana jana uliniuliza tuliuze, au fundi alifunge ekzosi mpya. ~~Liuze, kelele zimenichosha.~~ Ngoja kwanza. Leo asubuhi ulipoliwasha lilipiga pa! pa! pa! Mama yako chumbani akadhani mgeni anampigia makofi ya salamu ya Kiha. Akapiga ya kwake, akaitika “Mwakeye!” huku anacheka. Wewe ulishatokomea bila kumwamkia, kama kawaida yako.

Basi usiliuze, na hiyo ekzosi usiiguse. Nyumba hii nani mwingine anamwamkia?

Mama Kezia