Utomvu wa Papai Usoni kwa Wifi Yangu

Mpendwa mshauri,

Mimi natengeneza sabuni na mafuta ya ngozi hapa Tunduma, na kwenye semina moja Vwawa tulifundishwa kwamba utomvu wa papai bichi una vimeng'enya, vile vile vinavyotumika kulainisha nyama ngumu, na kwamba viwandani huvisafisha na kuvipima ndipo huvitia kwenye krimu ya kuondoa ngozi iliyokufa, basi nikaona ya nini kusubiri kiwanda, nikachanja mapapai ya nyumbani, nikakinga utomvu, nikauchanganya mbichi na mafuta ya mgando, na wa kwanza kumpaka akawa wifi yangu Atupele, zimebaki siku nne afunge ndoa.

Akasema, "Wifi, inachoma." Nikamjibu, "Vumilia, ndiyo inafanya kazi."

Asubuhi jicho moja halifunguki, mashavu yamechubuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Nilipiga kelele majirani wakajaa. Hospitali daktari akauliza amepaka nini, na kabla sijafungua mdomo mume wangu Aliko akadakia kwamba ni losheni ya Mama Blessing, yule Mzambia wa sokoni ambaye Atupele hununua kwake, nami nikanyamaza, na Atupele akanitazama kwa lile jicho zima, akanyamaza pia. Jana shemeji zangu walimwaga bidhaa zote za yule mama, akapiga magoti akisema, "Sijamdhuru mtu!" Nikisema ukweli, Aliko atanifukuza. Nifanyeje?

Gwantwa, Tunduma

Gwantwa,

Nimesoma barua yako nikabaki mdomo wazi. Kosa la kwanza ni ujinga, na wengi tumewahi kukosea kwa kutokujua. Lakini kunyamaza mbele ya daktari? Anatibu losheni wakati ngozi imeliwa na utomvu! Na huyo binti anakufichia siri huku uso unamuwaka. Huoni haya?

Nakuonea huruma, ndiyo maana sikungoja gazeti litoke. Nimepiga namba uliyoandika. Umelia, nikakuacha ulie, kisha nikakwambia uchukue kikopo cha mchanganyiko wako uende nacho wodini alikolazwa Atupele. Saa nane mchana umenipigia: daktari amebadilisha dawa, jicho litapona, na Aliko ametoka nje bila kukusemesha.

Mwache akasirike, ana haki. Usimkimbilie kwa maelezo. Mwaga utomvu uliobaki, na usimpake mtu kitu ambacho hakijapimwa na wataalamu.

Kesho nenda sokoni mchana, watu wakiwa wamejaa, pamoja na wale shemeji zako. Simama mbele ya Mama Blessing useme kwa sauti: "Ni mimi." Halafu inama, umsaidie kuokota bidhaa zake.