Namba Yangu Uliyoiandika

Dada Bhoke,

Mama bado anawalaani manesi wa kile kituo cha afya cha Matongo. Anasema walikuacha ufe mchana kutwa bila kumwita ndugu hata mmoja. Mimi nakaa naye jikoni, nakula ugali wake, nanyamaza.

Unakumbuka uliponijia Tarime na sare yako ya unesi, vumbi la Ringwani hadi kwenye nyusi? Ulisema, "Chacha, nusu ya ndugu zetu wako Kenya. Mgonjwa akizidiwa tumpigie nani? Kwenye ile programu unayovitengenezea vituo vya afya kusajili wagonjwa, weka mahali pa namba ya ndugu." Nikaweka kwenye fomu siku hiyo hiyo. Ukajiandikisha wa kwanza, ukaandika namba yangu, ukanitania kwamba asiyejua kusonga ugali angalau anajua kupokea simu.

Kosa langu ni hili, silipambi. Programu yangu, niliyoiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, huchukua taarifa za fomu na kuzihamishia kwenye rekodi, na rekodi ile ikishaundwa haibadiliki. Kisichoingia wakati huo hakiingii tena. Kila nilipoongeza kitu kipya, programu ilinionya kuwa sijasema kiende wapi. Maonyo yakanichosha. Nikaiamuru: chochote nisichokitaja, kipuuze. Namba ya ndugu niliisahau kuitaja. Ikapuuzwa, na hakuna kilicholalamika, kwa sababu mimi ndiye niliyekataza kulalamika.

Bodaboda ilipokuangusha Matongo, simu yako ikavunjika, na wewe huwezi kusema, manesi wa huko, wasiokujua, walifungua rekodi yako kwa kadi ya matibabu waliyoikuta mfukoni mwako. Jina lipo, umri upo. Ndugu, patupu. Mimi nilikuwa Tarime nakunywa chai, simu iko mezani. Nesi aliyekushika mkono ananiambia ulikuwa unageuza macho mlangoni kila mtu alipoingia.

Ile amri nimeshaifuta. Sasa programu inagoma mpaka nitaje kila kitu. Inanisaidia nini, dada? Majuto ni mjukuu, na huyu wangu sijui nitamlea vipi.

Nesi yule alikuja msibani. Mama alimfukuza mbele ya watu. Nilimwona anaondoka na kanga yake mkononi, nami sikufungua mdomo. Hilo linaniua kuliko lile la kwanza.

Nakuahidi, Jumapili tukitoka kanisani nitamwambia mama, halafu nitampeleka kwa yule nesi akamwombe radhi. Akinifukuza mimi, nitaondoka bila kujitetea.

Pumzika, dada yangu.

Chacha